Mlango wa Nyuma Kushoto

Fyuzi ya tatu iliungua saa nne asubuhi. Bhoke alikuwa fundi umeme wa magari pale Mugumu, na siku hiyo alikuwa akifunga rilei za loki, za kufunga milango kwa umeme, kwenye gari la Mseti, mwenye shimo la dhahabu kule Nyakunguru. Mseti mwenyewe alikuwa amekwenda kunywa chai.

Bhoke alichomoa nyaya za milango yote, akarudisha mmoja mmoja. Mlango wa dereva ulifunga. Wa abiria ulifunga. Wa nyuma kulia, vilevile. Alipounga wa nyuma kushoto, mota ilikoroma, fyuzi ikaungua. Waya ulikuwa mzima, haujachubuka popote. Basi kuna kitu kinaizuia mota isivute. Akachungulia ndani.

Mumewe, Simioni, alikuwa amekaa kiti cha nyuma, udongo mwekundu hadi magotini, ameshikilia kitufe cha loki kisishuke. Alikuwa hajaonekana mwaka na miezi miwili. Mseti, aliyemwajiri shimoni, alikuwa amesema amevuka kwenda Kenya.

"Umekonda," Bhoke alisema.

"Nimekufa. Kifusi kiliniangukia. Wakaniweka humu, wakasema tunakwenda hospitali. Mseti akashuka kwanza kuongea na wenzake, akafunga milango."

"Halafu?"

"Waliongea sana."

"Wamekuzika wapi, Baba Nchagwa?"

"Sijui. Nilikuwa nimeshakufa."

Bhoke akamfungulia mlango. "Shuka twende nyumbani."

"Nangoja hospitali," Simioni alisema.

Mseti alirudi akichokonoa meno. Akatazama kiti cha nyuma. "Ah, Simioni. Habari za siku nyingi?"

Simioni alizidi kushikilia kitufe.

"Ulisema amevuka mpaka wa Sirari," Bhoke alisema.

"Nilisema pengine, shemeji. Huo mlango uache, funga hiyo mitatu."

"Mpeleke hospitali. Ni hapo tu."

"Saa hizi kuna foleni. Kesho."

Bhoke akautenga waya wa mlango wa nne, akaufunga ncha kwa utepe. Mseti akashika barabara ya Tarime.

Tangu hapo, kila siku ya mnada Mseti huegesha kwa Bhoke. Bhoke huvuta kigoda hadi kwenye mlango ule, akamweleza mumewe habari za mahindi, za mama yake kule Kemambo, na za watu wanaouliza matanga yatawekwa lini. Simioni husikiliza, akauliza kama leo foleni ni ndefu. Kisha Mseti humaliza shughuli zake, wakaondoka.

Hospitali hawajafika.