Chui au Radi

Kwamboka hakumwamini mtu yeyote aliyekuja na namba nzuri. Dukani alikuwa akipima misumari upya hata ile iliyotoka kiwandani imefungwa, na mwenye duka, Mzee Umesh, alimpendea hilo. Kwa hiyo Ronak, mpwa wa Mzee Umesh, alipomwambia Jumatatu moja kwamba seti ya Radi inatoa maumivu mia tano na tisini kwa dakika, Kwamboka aliweka kikombe cha chai chini akamtazama usoni. Yeye mwenyewe alikuwa ameipima Radi jana yake. Alikuwa amepata mia nne na sitini.

Tuelezane kwanza. Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, mjini Kisii, na nyuma yake kulikuwa na chumba chenye kompyuta na modemu ambayo Mzee Umesh aliiweka mwaka huo wa 1999 ili aandikiane na wauzaji wa mabati wa Nairobi. Kwamboka alikuwa mpiga chapa wake. Ronak ndiye aliyegundua kwamba laini hiyo hiyo ya simu ingeweza kumfikisha mtu kwenye mchezo unaochezwa na watu wa Uingereza na Marekani wote kwa pamoja. Haukuwa na picha hata moja. Ni maandishi tu yaliyokuwa yakipanda kwenye kioo: umeingia pangoni, jitu la mawe linakutazama, unafanya nini? Mzee Umesh aliwaruhusu saa ya chakula cha mchana. Jumamosi alasiri, duka likifungwa, Ronak alicheza peke yake, maana Kwamboka ni Msabato na siku hiyo alikuwa kanisani kwao Magwagwa. Jumapili akirudi mjini ilikuwa zamu yake.

Mpiganaji wao alikuwa mmoja, mwanamke mwenye upanga, na Kwamboka alimpa jina la nyanya yake, Nyanchera. Walikuwa wamemlea karibu mwaka mzima kutoka kuua panya mpaka kuua majitu. Na mchezo huo haukuwa na huruma: mpiganaji akifa, amekufa, na jina lake halirudi tena. Sasa kikosi chao, watu wasiowahi kuonana ana kwa ana, kilikuwa kinajiandaa kulivamia joka la kaskazini. Kila mpiganaji alitakiwa kwenda kwenye jiwe la kiapo, avae seti moja ya mavazi ya vita na kuapa nayo. Ukishaapa huvui. Nyanchera alikuwa na seti mbili begini, Chui na Radi, na akiingia kwa joka na ile isiyofaa angechelewa kuua, na anayechelewa kuua joka huliwa.

Radi ilimwongezea nguvu. Pigo lilikuwa zito, ila moja moja. Chui ilimwongezea wepesi, na mara kwa mara upanga uligonga mshipa na pigo likawa maradufu. Ronak mwanzoni alitaka kuchagua kwa kutazama pigo kubwa kuliko yote, na Kwamboka akamcheka. Akamwambia aende Magwagwa amwone mama yake Gladys akichuma chai. Kuna mwanamke anayejaza kiganja hadi majani yanamwagika, kisha anasimama kupiga soga, na kuna mama yake anayechuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, bila kusimama. Wakifika kwenye mizani hakuna anayeuliza kiganja cha nani kilikuwa kikubwa. Basi wakakubaliana: jitu lile lile la mawe, upanga ule ule, mapigo mia, jumla igawanywe kwa dakika. Kila mmoja apime kwa zamu yake.

Namba za Chui zilikubaliana, mia tano na ishirini kwake, mia tano na ishirini kwa Ronak. Namba za Radi zikakataa katakata.

"Wewe ulipima vibaya," Ronak alisema.

"Mimi?" Kwamboka aliuliza, na hapo mazungumzo yakaisha.

Alirudia Jumapili iliyofuata. Mia nne na sitini, ukipenda sema na mbili. Ronak naye Jumamosi yake alipata mia sita kasoro kidogo. Sasa mtu mmoja akipima kitu kimoja mara mbili akapata jibu moja, na mwingine akapima kitu hicho hicho akapata jibu lake, mmoja wao anadanganya. Kwamboka alijijua hadanganyi. Kilichobaki ni kujua huyu kijana anadanganya kwa faida gani.

Faida hakuikosa, kwa sababu anayetafuta sababu ya kushuku haendi mbali. Ronak alikuwa na binamu yake huko Leicester, Uingereza, jina lake Palak, ambaye alikuwa mganga wa kikosi hicho hicho: kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya wapiganaji na kuwaponya wasife. Kaka yake Palak, Dev, alikuwa mpiganaji mpya asiye na seti ya maana. Nyanchera akiapa na Radi, Chui itabaki begini bila kazi. Na itapelekwa kwa nani? Kwamboka alijibu swali hilo mwenyewe akiwa amesimama kwenye kaunta anampimia mtu nyaya, na hasira ikampanda hadi akakata waya mfupi.

Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa ushahidi. Ronak alikuwa akiandikiana na Palak kwa Kigujarati kilichoandikwa kwa herufi za kawaida, na akizima kioo Kwamboka anapoingia. Siku moja alichelewa kukizima. Kwamboka aliona neno la chui kwa Kiingereza katikati ya maneno asiyoyajua, na mistari miwili chini yake akaona jina lake mwenyewe, mara mbili. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Ronak alizaliwa Kisii, aliongea Ekegusii kama watu wa soko la Daraja Mbili, na hakuna mteja aliyeweza kumsengenya akasalimika. Lakini wakianza Kigujarati chao, Kwamboka alikuwa kama kiti tu pale chumbani. Alimuuliza wanaongea nini. Ronak akasema ni mambo ya kikosi tu, atamwambia Jumapili. Kwamboka akaitikia sawa, na moyoni akasema, utaniona.

Ijumaa Ronak na Mzee Umesh walikwenda Nyamira kupeleka mabati. Saa ya chakula Kwamboka akaingia kwenye mchezo peke yake, na kwenye ubao wa kikosi akakuta tangazo la kiongozi wao: joka litavamiwa Jumamosi. Kesho. Alilisoma tena, na lilikuwa la tangu Jumatatu.

Kumbe ndivyo ilivyopangwa! Watalivamia joka siku ambayo yeye yuko kanisani, Nyanchera akiwa amevaa seti aliyoichagua Ronak kwa namba zake za uongo, na Chui iko njiani kwenda Leicester. Akifa Nyanchera, yeye ataambiwa Jumapili, pole sista, bahati mbaya.

Radi ya kweli ikanguruma upande wa vilima vya Manga. Kila mtu wa Kisii anajua kinachofuata: unachomoa simu, unachomoa kompyuta, unakaa mbali na dirisha, kwa sababu radi ya huku haichagui nyumba. Mama Chandrakala, mkewe Mzee Umesh, alikuwa tayari anapiga kelele kutoka dukani kwamba achomoe. Hakukuwa na muda wa kufikiri, na Kwamboka hakuutaka. Alimpeleka Nyanchera kwenye jiwe, akamvika Chui, akaapa. Kisha, kwa kuwa hakutaka jamaa wa Leicester wapate hata uzi, akampeleka kwa mhunzi na kuitupa seti ya Radi kwenye tanuri. Kioo kikaandika kwamba imeteketea. Akachomoa waya, akafunga begi lake, akaenda kwao kabla jua halijazama na Sabato kuingia.

Kanisani hakusikia mahubiri. Alikuwa akipanga maneno.

Jumapili alikuta chumba cha nyuma kimefagiliwa, viti viwili mbele ya kompyuta, na chupa ya chai ya Mama Chandrakala katikati. Ronak alimsalimu kwa Ekegusii huku anacheka. Kwamboka hakucheka.

"Ulijua vita ni Jumamosi," alisema.

"Nilijua. Sasa ni leo, saa kumi."

Akamweleza, na alieleza kwa haraka kama mtu aliyebeba habari njema siku nyingi. Tangazo lilipotoka alijua Kwamboka hawezi. Hakutaka kumwambia kabla wenzao hawajakubali kusogeza siku, asije akavunjika moyo bure. Kiongozi alikataa. Palak ndiye aliyewabembeleza mmoja mmoja wiki nzima, watu ishirini wenye kazi zao, akiwaambia kuna dada yuko Afrika anaitwa Kwamboka, yeye ndiye anayemjua huyo Nyanchera, na Jumamosi hapigani. Walikubali Ijumaa usiku, Palak akamwandikia barua pepe. Jana Ronak hakuingia kabisa kwenye mchezo, kwa kuwa alitaka wamwapishe Nyanchera pamoja.

"Na ile Radi," aliendelea, "Palak amenifungua macho. Huko ndani kila Jumamosi kuna dhoruba. Mimi nilikuwa naona maneno ya mvua nikadhani ni mapambo. Dhoruba ikiwa juu, Radi inapata nguvu. Siku zingine haina kitu. Namba zako ni za kweli. Zangu pia. Leo ni Chui."

Kwamboka alishika chupa, akamimina kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Radi nilimwahidi Palak, ampe Dev. Hakuomba. Lakini amehangaika sana." Ronak alikuwa anaandika huku anaongea, akafungua begi la Nyanchera, na vidole vikasimama. Alisoma. Akatazama mavazi, akasoma tarehe ya kiapo.

"Radi iko wapi?"

"Niliichoma," Kwamboka alisema. "Nilidhani mnaniibia."

Ronak hakumtazama. Aliandika mistari mitatu kwa Kigujarati na kuituma. Jina la Kwamboka halikuwemo. Kwamboka mwenyewe alilitafuta.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba tuliichoma. Sisi wawili." Akasukuma kibodi mbele ya Kwamboka. "Saa imefika."

Palak hakujibu. Kikosi kikaingia pangoni, na maandishi yakaanza kupanda upesi kuliko macho. Kwamboka alipiga, Chui ikafanya kazi yake, mshipa, mshipa, tena mshipa, na Ronak akawa anamsomea uhai wa joka. Halafu joka likageuka. Uhai wa Nyanchera ukashuka nusu, ukashuka robo. Kwamboka alijua mganga yuko nyuma yao anaona namba hizo hizo, na alijua mwenyewe angefanya nini kama angekuwa Leicester, amebembeleza watu ishirini kwa ajili ya mtu, na mtu huyo amemchomea zawadi ya kaka yake. Angenyamaza tu. Hakuna ambaye angemshuku.

Joka likapiga tena. Ukabaki uhai wa pigo moja.

Kisha mstari ukapanda kwenye kioo, mfupi, kwa Kiingereza: Palak anamponya Nyanchera. Na mwingine chini yake: Palak anamponya Nyanchera.

Kwamboka aliusoma, akausoma tena akitafuta hila ndani yake, na machozi yakamziba macho asione herufi.

"Piga, Kwamboka," Ronak alisema. "Mbona umesimama? Piga."