Ndoo ya Wifi

Mtaani wananiita Redio, nami sikatai. Cherehani yangu iko barazani, baraza linatazama bomba, na tangu maji yaanze kuja kwa mgao, hakuna jambo la mtaa huu lisilopita pale bombani. Anayetaka habari za hapa asihangaike na magazeti. Aje nimpe kiti, atazame foleni ya ndoo.

Nasema ya ndoo, si ya watu. Kwetu mtu huamka alfajiri, akaweka ndoo yake nyuma ya iliyotangulia, akaenda zake kuchemsha chai, kuvalisha watoto, au kurudi kulala kama hana haya. Ndoo inabaki kumshikia nafasi. Foleni ikisogea, aliyepo huisukuma kwa mguu ndoo ya jirani asiyekuwepo, taratibu, bila kuombwa. Ikifika bombani kabla ya mwenyewe, hujazwa na kuwekwa kando. Hakuna anayeiruka ndoo ya mwenzake. Ukimwona aliyeruka, ujue ni mgeni, au kachaguliwa juzi.

Nawajua watu kwa ndoo zao. Ya Mwalimu ina mfuniko hata ikiwa tupu. Fundi baiskeli huleta dumu alilolikata shingo. Bi harusi wa nyumba ya kijani alihamia na ndoo mbili pacha. Siku hizi inakuja moja tu, na sihitaji kuambiwa kitu. Ya wifi yangu ni ya bluu, na mpini wake ulipokatika niliushona mimi kwa mkanda wa begi.

Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni hadi akastaafu, na mpaka leo akikusalimia utadhani anakuuliza nani kaiba nyama. Anaishi peke yake, nyumba chache kutoka kwangu. Wakwe zangu walishatangulia, mume wangu akawafuata, mashemeji wametawanyika na wengine hata sura nimezisahau. Amebaki yeye. Siku akiondoka, hakuna tena mtu duniani wa kuniita wifi.

Ugomvi wetu aliuleta Mwenyekiti wa mtaa. Kulikuwa na wajanja waliopanga madumu mengi kwa mpigo, kisha wakawagawia nafasi ndugu zao. Badala ya kuwakamata hao, Mwenyekiti akatuma ujumbe kwenye grupu la simu: kuanzia sasa kila ndoo isimame na mwenyewe. Grupu likawaka moto, ikabidi aitishe kikao palepale bombani. Nikasimama na tepu yangu shingoni.

"Mwenyekiti, wenye madumu mengi tunawajua, shughulika nao. Usituvunjie utaratibu. Kuna wanaowahi kazini, kuna wanaonyonyesha. Hapa kwetu ndoo ya mtu ni mtu."

Watu wakapiga makofi. Sijakaa vizuri, wifi akainuka kwenye kigoda chake. Yeye hakuwahi kuiacha ndoo yake hata siku moja. Huja na kigoda, akaketi kando yake mpaka zamu yake ifike.

"Ndoo si mtu," akasema. "Ndoo haiumwi, haisalimii. Anayetaka maji aje tuonane. Wifi yangu anatetea ndoo kwa sababu kusimama hawezi. Tangu kaka yangu amwoe, amekaa tu!"

Wakacheka, tena sana, na Mwenyekiti akiwemo. Nami nikichekwa, ulimi wangu hunitangulia.

"Na wewe wifi unapenda foleni kwa sababu nyumbani kwako huna wa kusema naye."

Hakuna aliyecheka. Wifi alikunja upindo wa gauni lake, akachukua kigoda, akaondoka. Kikao kikavunjika bila uamuzi, na kuanzia hapo hatukusemezana.

Alikuja bombani kama kawaida, ila sasa aliketi akinipa mgongo. Nilishona huku nikiutazama mgongo ule. Nilijua nimemchoma pabaya, lakini yeye ndiye aliyeanza, na kwa hesabu zangu anayeanza ndiye anayemaliza. Alingoja niende, nikangoja aje. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo nilivyojiambia, kana kwamba methali inaweza kwenda kuomba radhi kwa niaba yangu.

Basi siku moja ya mgao natupa macho bombani, naiona ndoo ya bluu imekaa kwenye foleni peke yake. Kigoda hakipo. Wifi hayupo.

Nusura nipige kigelegele. Nilikuwa nampima gauni muuza mkaa, nikamshika bega nikamgeuza.

"Hebu ona! Aliyesema ndoo si mtu, leo kamwachia ndoo kazi yake!"

"Huenda amechoka," akasema.

"Amechoka na ubishi. Simama wima, usinipotezee kipimo."

Asubuhi nzima niliifuata ile ndoo kwa macho. Fundi baiskeli aliisukuma kwa mguu. Bi harusi akaisukuma. Mwalimu, kwa adabu zake, aliinama akaibeba kuivusha dimbwi, akaiweka chini kama anaweka mtoto. Nilijaa furaha kifuani. Huu ndio utaratibu niliokuwa nautetea, na leo unamhudumia mpinzani wake! Ndoo ikafika bombani, Mwalimu akaijaza, akaisogeza ukutani.

Wazo likanijia. Nitaipeleka mwenyewe. Nitaitua mlangoni pake kwa kishindo, niseme, "Wifi, maji yako yamekuja yenyewe." Sentensi hiyo niliirudia moyoni mpaka ikanyooka. Nikamwacha muuza mkaa na pini kiunoni, nikajitwisha.

Nyumbani kwake mlango ulikuwa umerudishwa tu.

"Hodi! Wifi, hodi! Acha kununa, nimekuletea maji."

Kimya. Nikatua ndoo, bila kishindo chochote. Ndipo nikasikia kitu kinagonga sakafu huko ndani, polepole, kwa kuchoka.

Nilimkuta amelala kwenye sementi yenye maji, mlangoni mwa bafu, mguu mmoja umegeukia upande usiofaa. Mkononi ameshika kigoda, na alikuwa akigonga kwa kigoda hicho.

"Ndoo yangu imefika wapi?" akauliza.

"Imejaa, wifi. Iko hapa mlangoni."

"Nilirudi kuchukua kigoda nikateleza. Usije ukawaambia watu kwamba niliiacha."

Nilikaa chini kwenye maji yale yale nikalia, sifichi. Muda wote ule alikuwa akigonga na kuita, na sisi bombani tulikuwa tukicheka na kugombana na kugonga ndoo zetu. Baadaye niliwauliza mmoja mmoja. Fundi baiskeli alidhani yuko kwangu. Bi harusi alidhani yuko na Mwalimu. Mwalimu, kwa kuiona ndoo imefika karibu na bomba, alidhani mwenyewe alikuwa hapo sasa hivi. Kila aliyeisukuma alimfanya anayefuata aamini kwamba mwenye ndoo ni mzima. Adabu yetu wenyewe ndiyo iliyomficha. Na mimi, Redio nzima, niliitazama ndoo asubuhi yote nikaona ushindi wangu tu.

"Wifi," nikamwambia, "yale maneno niliyokutamkia siku ile..."

"Ita watu waniinue kwanza. Kuongea utaongea, hukuanza leo."

Gari la Mwenyekiti lilimpeleka hospitali. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari akatuambia kwamba kama angelala pale sakafuni mpaka jioni, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Sikumuuliza habari gani.

Kikao kilipoitishwa tena nilisimama kabla ya wote.

"Ndoo si mtu," nikasema. "Wifi yangu alisema kweli, na mimi nilisema uongo kwa sauti kubwa. Ndoo zibaki, maana kazi na watoto havitungoji. Lakini kuanzia leo, anayesukuma ndoo ya mwenzake amwite mwenyewe mpaka aitike. Asipoitika, bomba lifungwe, mtu aende kumwona."

Mwenyekiti akatoa simu ili alitume kwenye grupu. Nikamwambia airudishe mfukoni. Grupu haliitiki, linaonyesha dole gumba tu.

Sasa asubuhi zetu ni kelele tupu. Mtaa mzima umekuwa redio. Watu wanaitana kutoka bombani mpaka vyumbani, waliolala wanaitika kwa matusi, na Mwalimu huitika kwa sentensi kamili. Mgeni akipita anadhani tunagombana. Wajanja wa madumu wameacha wenyewe, kwa sababu dumu lisilo na wa kuitika halisogei.

Wifi amerudi na magongo yake mawili, na ndoo yake naiweka mimi. Juzi foleni iliposogea niliisukuma, nikaita.

"Wifi!"

Kimya.

"Wifi weeee!"

Kimya. Mwalimu akafunga bomba. Watu wote wakanitazama, na mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilikimbia, mimi huyu, tepu inapepea shingoni, kiatu kimoja nimekiacha kwenye tope. Nilisukuma mlango kwa bega.

Wifi alikuwa ameketi dirishani na kikombe cha chai, mzima kabisa. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ule mguu usio na kiatu.

"Mbona huitiki!" nikafoka, pumzi imenikatika.

"Nilitaka kuona kama kusimama unaweza," akasema. "Kumbe hata mbio unazo."

 Akanyoosha gongo lake, akakisogeza kigoda mpaka miguuni pangu.

"Haya, wifi, kaa. Nyumba hii haina wa kusema naye."

Nikakaa. Huko nje Mwalimu alikuwa anapaza sauti, anauliza kama afungue maji.

"Fungua!" tukaitika wote wawili.