Salamu za Akiba

Mwaka ule wa 1938, wanafunzi wa chuo cha ualimu nje kidogo ya mji wa Shinyanga walikuwa na mtambo wao wa kutangazia, na waliujivunia kupita kiasi. Mwalimu wao wa sayansi aliuunda kwa vyuma chakavu, kisha akaenda likizo kwao Ulaya na kuwaachia wauendeshe wenyewe: maikrofoni chumbani, betri mbili za gari, na waya mrefu ulioteremka kilima hadi sokoni, ambako kipaza sauti kilitundikwa juu ya nguzo. Marselino alishughulika na betri. Nkwabi alisoma kila Jumamosi saa nane, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kisukuma. Mwalimu aliwaachia sharti moja tu: lisisomwe neno ambalo halikuandikwa kwenye karatasi.

Bei ya pamba na matangazo ya ng'ombe waliopotea hayakumvuta mtu. Kilichojaza soko ni salamu za vijana waliokwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita. Karani wa huko aliwaandikia, kila kijana kikaratasi chake kwa penseli, na lori la posta likazileta. Kina mama walisimama chini ya nguzo wakiwasikiliza watoto wao kwa sauti ya Nkwabi, na wengine walilia kwa furaha.

Februari mvua ikakata barabara, lori halikuja. Jumamosi ya kwanza Nkwabi alitangaza kwamba salamu hakuna, na watu wakaondoka wamenuna. Marselino, ambaye hakuweza kuvumilia mtambo usiosikilizwa, akafungua boksi la vikaratasi vya zamani na kutoa kifutio.

"Tunafuta tarehe tu," alisema. "Maneno ni yao wenyewe. Na karatasi si ipo?"

Wakafuta zote, wakaziita salamu za akiba. Sharti la mwalimu halikuguswa hata kidogo. Watu waliosoma hawakosi njia ya kudanganya kwa kufuata kanuni!

Kimojawapo kilikuwa cha kijana aitwaye Maige. "Mama, mimi ni mzima. Kazi ni nzuri. Mruhusu Maganga anifuate." Nkwabi alikisoma Jumamosi tatu mfululizo, maana kilikuwa kifupi na chenye furaha. Hakujua kwamba kule nyumbani mdogo mtu, Maganga, alikuwa hampi mama yake nafasi ya kupumua kwa kuomba ruhusa, na mama alikuwa amegoma kabisa kutoa mtoto wa pili.

Baada ya Jumamosi ya tatu Nkwabi alikutana njiani na mama yake Maige.

"Shikamoo, mayu," alisema Nkwabi, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba, mwanangu. Mmenishinda, wewe na Maige. Mtu ananiomba mara tatu, bado nikatae? Lori likija, Maganga anapanda."

Nkwabi alipaswa kumwambia pale pale kwamba salamu ile ni ya zamani. Lakini mtambo ungefungiwa, na sauti yake, ambayo mji mzima uliijua, ingenyamazishwa. Akamtakia Maganga safari njema. Alijichukia njia nzima mpaka chuoni, ila hakugeuka.

Barabara ilipopitika, lori lilifika Jumamosi mchana. Fuko la posta halikuwa na salamu hata moja, ila barua ya karani: "Acheni kusoma salamu zozote. Tangu mvua zianze maji yameingia shimoni, na waliokuwa chini hawajatoka. Majina sina. Sasa wanatafutwa vijana wapya wa kuteremka kuyatoa maji."

Nkwabi akatazama dirishani. Kule chini sokoni vijana walikuwa wanapanda lori lile lile kwenda nalo Geita, nalo limeshaanza kupiga honi.

"Soma bei ya pamba," Marselino alisema. "Tumwandikie mwalimu kwanza. Ukisema hayo tumefukuzwa."

"Washa."

Mtambo ukawashwa. Nkwabi hakusubiri saa nane.

"Mama Maige, mshushe Maganga! Mshushe sasa hivi! Salamu zote za wiki hizi ni za zamani, tulifuta tarehe. Shimo limejaa maji, na watu wamo." Akarudia kwa Kisukuma.

Soko zima lilisimama. Kisha watu wakaanza kupanda kilima, wanawake mbele, bila kukimbia. Marselino akafunga mlango kwa komeo. Nkwabi akalifungua.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Maige, amemshika Maganga kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Maige yuko hai?"

"Sijui, mayu."

"Kikaratasi chake kipi?"

Nkwabi akakitafuta kwenye boksi. Nyuma ya mama yule chumba kilikuwa kimeshajaa, na wengine walisimama nje, kila mmoja akingoja zamu ya kuuliza swali lile lile.

"Kisome."

"Mama, mimi ni mzima. Kazi ni nzuri..." Akashindwa kuendelea.

Mama Maige akamsogeza Maganga mpaka mezani.

"Malizia," alisema. "Nataka asikie kwa masikio yake jinsi ulivyokuwa unamwita."