Kipato cha Mtu wa Wastani

Wenye takwimu wana mambo yao. Wanachukua pato la tajiri, wanalichanganya na la muuza karanga, wanagawanya, kisha wanakwambia mkazi wa mji ule anapata kiasi hiki. Haya, katafute mtu anayepata kiasi hicho hasa. Humpati ng'o.

Kazi hiyo ndiyo ya Digna pale Ifakara: kulinganisha wastani wa Dar, Mwanza na Arusha, kisha kuuweka kando ya ule wa kaya za bondeni. Arusha ilimchoma moyo. Kaka yake, Hilary, alikwenda huko kutafuta maisha, na tangu masika ya mwaka juzi simu yake haipatikani. Mama yao hali akashiba. Digna alichoomba kwa Mungu ni neno moja tu, kwamba Hilary yu hai.

Siku hiyo alikwenda Namawala kuhakiki kaya iliyotajwa kuwa na pato kubwa mno. Alimkuta Luciana, mjane wa makamo, akifukuza ndege kwenye mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata habari za zile hela?"

Akampa simu asome mwenyewe. Kila mwezi mwanawe Fulgence alimtumia hela kutoka Dar. Ya mwisho iliingia jana. Digna akaisoma, kisha akaisoma tena. Ilikuwa wastani wa Dar, hadi shilingi ya mwisho, na wastani huo aliukokotoa mwenyewe leo asubuhi. Hakuna aliyekuwa ameuona.

"Fulgence anafanya kazi gani huko?"

"Kazi?" Luciana akacheka kidogo. "Tulimzika Dar, mwaka wa tatu huu. Alipokuwa hai hakuwahi kunitumia hata mia, maskini. Hizi zilianza baada ya arobaini. Nazila tu. Nifanyeje, nikamshtaki?"

Digna aliaga upesi, akijiambia kuwa msiba umemvuruga mama wa watu. Alitaka sana iwe hivyo. Hajafika barabarani, simu yake ikaita. Alikuwa mama yake, analia kwa furaha.

"Digna, Hilary yu hai! Katuma hela sasa hivi!"

Digna akaketi kwenye tuta.

"Kiasi gani, mama?"

Mama akamsomea polepole, tarakimu moja baada ya nyingine. Digna alizijua zote kabla hazijatajwa: ulikuwa wastani wa Arusha.

"Umesikia, mwanangu?" mama akauliza. "Hufurahi?"