Mdenishi wa Ukutani

Wewe mama unayeficha picha za wazee wako, sikia yaliyompata Rukiya.

Shuleni kwa binti yake Idil, huko ughaibuni mtaani Saltley, watoto waliambiwa walete picha ya mtu wa kwao. Rukiya alipofika kwenye maonyesho damu ilimchemka. Juu ya jina la Idil alining'inia Mdenishi wa ndevu za mashavuni, aliyechapwa kwa wino mweusi miaka mia na hamsini iliyopita.

Alimjua sana. Walipoishi Aarhus, mji wa Wadenishi, jirani mmoja mzee ndiye aliyewapa picha hiyo. Alieleza kwamba zamani picha kama hizo zilichapwa kwa maelfu, bei rahisi, mkulima na fundi viatu wakatundika sura zile zile, na hivyo ndivyo Wadenishi walivyojijua kuwa taifa moja. Rukiya akaitikia, akatundika. Mama mmoja wa manispaa, kila akija kukagua wageni kama wao wanavyoishi, aliiona akatabasamu, akaandika kitu daftarini.

Na Mzee Keinan, baba yake Rukiya, aliyepigwa picha Garissa? Rukiya alimficha nyuma ya Mdenishi, ndani ya fremu hiyo hiyo. Alijiambia ni kwa ajili ya swala, sura za watu zisitazame mkeka. Lakini ya Mdenishi ilitazama miaka yote.

Akamuuliza Idil, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele, kama kwao watu wamekwisha. Mwalimu Harjit akaingilia, akasema picha yenyewe ni nzuri na ya thamani. Rukiya akamwambia anyamaze kwanza.

"Huyu ndiye niliyekua nikimwona, hooyo," Idil alimwambia mama yake, kwa Kiswahili ambacho hakukitumia ila akiogopa. "Mwingine ulinionyesha nani?"

Rukiya akaishusha fremu, akaibandua mgongo kwa ufunguo wa nyumba. Unyevu wa miaka ulikuwa umefanya kazi yake. Alipovuta picha, kikoi kilikuja, mikono ikaja, kofia ikaja nusu. Uso ulibaki umegandamana na karatasi ya Mdenishi, umechanika vipande vipande.

Idil akainama kutazama. "Alikuwa nani?"

Hasira ya Rukiya ikakosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe. Akavuta kiti kidogo cha watoto, akaketi, akaanza kumsimulia baba yake. Alianza na pua, maana hiyo Idil anayo.