Mstari wa Wenye Sukari

Madaktari wapya wa upasuaji walikuja na makaratasi yao ya Kihispania, na wagonjwa wa hospitali ile walisoma Kiingereza. Kazi ya katikati ilikuwa ya mfasiri, na mganga mkuu hakumpa nafasi ya kupumua.

"Kiingereza chako bado kinanuka Kihispania, dada. Mgonjwa asome kama anaongea na jirani yake."

Basi akaikalia ile karatasi ya maelekezo ya kufunga kula kabla ya upasuaji. Sentensi ndefu akazivunja, maneno mazito akayatupa. Mstari mmoja ulimsumbua: wenye kisukari wasijidunge sindano zao za insulini kama kawaida siku ya kufunga, wamuulize daktari kwanza. Akaukata ili auhamishie chini, peke yake. Simu ikalia. Aliporudi, mganga mkuu alikuwa ameshika karatasi, anacheka kwa furaha. "Sasa hapo umesema!" Sifa zikamlevya, mstari akausahau, na karatasi ikagawiwa bila huo.

Jumanne asubuhi bibi mmoja aliyekuja kupasuliwa alianguka mapokezi, jasho likimtiririka. Alikuwa amejidunga kama kawaida, na tumboni hakuwa na kitu. Sukari ilishuka vibaya. Wakamtundikia dripu, akazinduka.

"Wazee hawa hawasikii," nesi alilalamika. "Kila kitu kimeandikwa!"

Mfasiri alirudi mezani, akalinganisha karatasi mbili, ya Kihispania na ya Kiingereza. Kwenye ya Kiingereza ule mstari haukuwemo. Upesi akaurudisha mstari, akachapa upya, akabadilisha karatasi zote za mapokezi. Hakuna aliyemwona. Siku nzima hakuweza kumtazama nesi usoni.

Kesho yake alikwenda wodini. Binti wa yule bibi alikuwa anamlisha mama yake supu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kosa si lako, bibi. Mimi ndiye niliyeacha mstari wa sindano kwenye karatasi."

Binti aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo tangu jana mama yangu anaitwa mbishi, na wewe unajua?"

"Nilijua."

Bibi hakugomba. "Niliisoma mara tatu," alisema taratibu. "Ndiyo karatasi ya kwanza ya hospitali niliyoielewa mwenyewe. Nikawaambia wanangu, safari hii msinisomee."

Mfasiri alitamani atukanwe.

"Haya," binti alimwambia. "Twende kwa nesi, ukaseme mbele yangu."

Akasema, kwa nesi na kwa mganga mkuu. Nesi alikwenda mwenyewe kumwomba bibi radhi. Mfasiri alipewa barua ya onyo, na tangu hapo hakuna karatasi iliyotoka bila mtu wa pili kuilinganisha na ya Kihispania.

Wiki mbili baadaye bibi alirudi kupasuliwa, na mambo yakaenda salama. Asubuhi ya kuruhusiwa, mfasiri alimpelekea mwenyewe maelekezo ya nyumbani, yameandikwa kwa herufi kubwa. Bibi aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akampa binti yake bila kuyatupia jicho.

"Nisomee wewe," alisema.