Miti ya Kipoyi

Sylvain alituma picha tatu kwa simu kutoka Walikale: baiskeli isiyo na magurudumu, ya kukanyaga ukiwa umekaa palepale, mipira mirefu ya kuvuta kwa miguu, na vyuma vya kunyanyua. Vyote aliviona katika duka la Papa Archange, mfanyabiashara wa Butembo, na alimwomba mama yake, Adrienne, achague kimoja ili yeye akipakie kwenye lori la kwanza. Adrienne alizitazama picha, akacheka kidogo. Baiskeli isiyokwenda popote, tena iletwe kijijini Kibabi, ambako hata zile zinazokwenda watu huzisukuma kwa mkono.

Lakini hayakuwa mambo ya kucheka. Mumewe, Constantin, alianguka kutoka juu ya shehena ya maharagwe, akavunjika paja. Mfupa ulikuwa umeshaunga, ila mguu ulikonda na goti likaanza kukakamaa. Kine, yule wa hospitali anayefundisha viungo kufanya kazi upya, hakumung'unya maneno: asipotembea nyumbani kila siku, goti lile litafungika moja kwa moja, na kulima ndiyo basi.

Adrienne alimpigia kine simu, akamweleza zile picha.

"Mama, hizo ziko za nyuma," kine akajibu. "Kwanza asimame. Tafuta miti mbili ya kunyooka, ya kulaini, uifunge huku na huku, ifike ku nyonga, yeye atembee katikati. Njo machine yake."

Miti! Adrienne alidhani hilo ndilo jepesi. Mikaratusi ya mlimani ilikuwa michanga, ukiiegemea inapinda. Mianzi ilikuwa na nyufa za kukata viganja. Na Constantin ni mtu mzito. Akianguka mara moja tu, hofu itamkalia na hatajaribu tena. Kijiji kizima kilikuwa na miti miwili tu iliyokauka vizuri, iliyolainishwa na mikono ya wanaume kwa miaka mingi. Ni ile ya kipoyi, machela ambayo kikundi cha wabebaji huitumia kupeleka wagonjwa hospitalini na maiti makaburini. Adrienne aliijua. Aliendelea kupapasa miti ya watu, akijidanganya kwamba atapata mingine, mpaka akakosa pa kwenda isipokuwa kwa wabebaji.

"Mama, hii miti iko ya bagonjwa," alisema Byamungu, mkuu wa wabebaji.

"Na yeye iko nini?"

Byamungu alikwenda kuitoa miti. Akamwachia, kwa sharti moja: afunge kwa kamba, asigongelee misumari, ili mtu akizidiwa waifungue upesi.

Aliifunga kwenye nguzo fupi nyuma ya nyumba, kisha akamtoa mumewe, mkono wa mume begani mwake. Constantin aliona ile miti, akasimama.

"Hii njo ile ya Kétsia."

"Njo yenyewe."

"Katikati yake njo pahali alilala. Unataka miye nikanyage pale?"

Kétsia, binti yao, alikufa kwa homa mwaka uliotangulia. Siku ya kumzika, Constantin ndiye aliyeshika kipoyi mbele. Wenzake walimsihi aachie, akakataa, kwa sababu njia ya makaburini inateremka vibaya na hakumwamini mtu mwingine na mwanawe. Na wabebaji hao wana kanuni yao: aliyebeba halii njiani, asije akajikwaa akaangusha wote. Constantin alibeba mpaka kaburini, macho makavu. Walipotawanyika, walimkuta anakatia ng'ombe majani. Hakulia siku ile wala baadaye. Watu nao, kwa huruma, waliacha kumwita kwa jina la kifungua mimba wake, wakawa wanasema Papa Sylvain.

Adrienne alipandwa na hasira, hasira iliyojaa huzuni.

"Miye njo nilimuzaa. Unazani sikujua iko miti gani nafunga? Nilishika yote ya Kibabi. Hakuna ingine inaweza kukubeba." Akaegemea mti mmoja kwa uzito wake wote. "Naogopa. Sitaki kubakia na wawili ba kulala, moja ku kaburi, moja ku kitanda. Ingia, Papa Kétsia."

Kusikia jina hilo, Constantin aliinamisha kichwa. Kisha akaingia.

Alishika miti, akapeleka mguu mzima mbele, akauvuta ule mbovu. Ukatetemeka, ukakubali. Alipouvuta tena, kilio kikamtoka, kikubwa, kibaya, cha mtu aliyekibana mwaka mzima. Adrienne alikwenda mbele yake kinyumenyume, hakumgusa, naye machozi yanamtiririka. Majirani walitokeza kwenye ua. Byamungu alivua kofia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alilia akitembea hadi miti ilipoishia. Adrienne akamnyooshea mikono amtoe.

"Ngoja, Mama Kétsia," akasema. "Sijamaliza kumulilia."

Akageuka polepole, akaanza kurudi.